Rangi Juu ya Ufa

Watu wengi hudhani kwamba maswali makubwa ya maadili huwajia watu wakubwa tu: majaji, wabunge, madaktari na viongozi wa dini. Mimi swali langu lilinijia nikiwa nimechuchumaa uani kwangu, mjini Bariadi, mkononi nina kipande cha msasa na mbele yangu rimu nne za gari zilizoliwa na kutu.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Corolla, lililotumika Japani kabla ya kupandishwa meli kuja Dar es Salaam, kama yalivyo magari mengi ya nchi yetu. Huko Japani, kwenye sehemu za theluji, barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi ni adui wa chuma. Kisha hapa kwetu gari hukutana na tope jeusi la mbugani, lile ambalo kila mkulima wa pamba analifahamu. Tope hilo likinata halibanduki, nalo hukaa na unyevu wake juu ya chuma siku nyingi. Miaka tisa ya tope hilo iliwatosha maadui wote wawili kuelewana.

Nilitaka kuliuza. Nimestaafu ualimu, na kijana wangu wa mwisho alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni, ada haijalipwa. Jirani yangu, ambaye amewahi kuuza magari mawili matatu, alinishauri: "Mwalimu, mnunuzi hutazama magurudumu kwanza. Zipulizie rangi hizo rimu, utaongeza laki tano bila jasho." Nikaona ushauri ni mwema. Si wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza?

Jasho lilikuwepo. Mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja alikuwa likizo, tukaifanya kazi pamoja. Unalegeza nati gari likiwa bado chini, unaweka mawe kwenye magurudumu, ndipo unapandisha jeki. Unaosha rimu kwa sabuni hadi grisi na vumbi la breki viondoke, unasugua kutu kwa brashi ya waya, unafuata kwa msasa mkali na kisha msasa laini, halafu unapangusa kwa kitambaa chenye thina. Tairi unalifunika kwa magazeti. Hapo ndipo unapuliza rangi ya kwanza ya kushika chuma, na ikikauka unapuliza ile ya fedha. Unatikisa kopo mpaka usikie kigololi kikigonga ndani, na unasimama mbali kidogo, sentimita 25 hivi. Unapuliza nyembamba mara tatu badala ya nene mara moja, maana rangi nene hutiririka kama machozi. Sisi tulianza alfajiri, kwa sababu ikifika saa nne upepo wa Bariadi huinua vumbi, na jua likiwa kali rangi hukauka ikiwa ingali hewani, ikatua kama chengachenga.

Jambo moja jirani hakuniambia. Niliambiwa na fundi mzee niliyekwenda kuazima spana kwake. Alisema nisipake rangi mahali nati zinapokaa, wala upande wa nyuma ambapo rimu inalala juu ya chuma cha ekseli. Rangi ni laini. Ukiibana kati ya vyuma viwili, husagika kidogo kidogo, hubaki nafasi, nati hulegea, na gurudumu laweza kuchomoka njiani. "Pale chuma kinaposhika chuma," alisema, "acha kiwe kitupu." Nilisokota vipande vya gazeti nikaziba matundu yote. Maneno yake sikuyatilia maana zaidi ya hiyo siku ile.

Kwenye rimu ya tatu brashi ilifichua kovu. Nikakumbuka: miaka minne nyuma, nikitoka Meatu usiku, nilitumbukia shimoni, rimu ikapasuka kwa ndani na upepo wote ukatoka. Fundi mmoja aliichomelea kwa bei ndogo, nami nikaendelea kuitumia, nikienda polepole sokoni na kanisani. Sasa pembeni mwa kovu lile palikuwa na ufa mpya, mwembamba kama unywele, wenye urefu wa kidole. Kuchomelea hubadili chuma kwa joto, na mara nyingi chuma hukatika tena pale pale pembeni. Nilikaa kimya, nikachukua kopo, nikapuliza. Mara ya tatu ufa haukuonekana tena. Rimu zote nne zilikuwa mapacha.

Mjukuu akauliza, "Babu, na ule ufa tutamwambia mtu anayekuja?"

"Ana macho," nikamjibu. "Atakagua mwenyewe."

Usiku ule sikupata usingizi, na kama afanyavyo mtu mwenye kosa, nilijitafutia mawakili. Wakili wa kwanza alisema kwamba kupamba si kusema uongo. Kweli hiyo. Sisi Wasukuma, Wagika na Wagalu wanaposhindana kwa ngoma, huwaoni wakiingia uwanjani na nguo za shambani. Nyumba husiribwa wageni wanapotarajiwa, na bibi harusi hupambwa, wala hakuna bwana harusi aliyewahi kushtaki. Ikiwa kupaka rangi ni dhambi, basi dunia nzima ina hatia.

Wakili wa pili alikuwa msomi. Cicero wa Roma, katika kitabu alichomwandikia mwanawe mwaka 44 kabla ya Kristo, alieleza ubishi wa wanafalsafa wawili kuhusu mtu anayeuza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye peke yake. Diogenes wa Babeli alishikilia kwamba muuzaji halazimiki kutangaza kila ubovu: mnunuzi ana akili zake, naye hakushurutishwa kununua. Antipater akakataa, akisema kumwacha mwenzako apotee huku njia unaijua ni uovu. Usiku ule nilimpenda sana Diogenes.

Wakili wa tatu ndiye tunayemsikiliza zaidi hapa nchini. Alisema: kila mtu anafanya hivyo. Nani wa mkoa wa Simiyu asiyejua habari za pamba? Tunavuna daraja mbili, pamba safi na pamba fifi, na wapo wanaoficha fifi chini na kuweka safi juu. Wapo wanaonyunyiza maji na kutia mchanga ili mzigo uwe mzito. Ukiwauliza, watakuambia kwamba mizani nayo huchezewa. Malalamiko hayo si ya leo. Ni kupunjwa kwenye mizani za wanunuzi kulikowasukuma wakulima wa Usukumani kujiunga katika ushirika, chini ya uongozi wa Paul Bomani, hata mwaka 1955 kikaundwa chama kikuu cha Victoria Federation. Wazee wetu walijibu mizani ya uongo kwa kudai mizani ya kweli. Sisi wengine tumeijibu kwa mchanga. Na mchanga ule hauishii kwa karani aliyekupunja. Hufika kiwandani ukaharibu mashine, hushusha sifa ya pamba ya nchi nzima, na bei inaposhuka, yule jirani aliyechambua pamba yake kwa uaminifu naye hulipa.

Hapo ndipo mawakili wangu walipoanza kunichosha. Nikayakumbuka maneno ya fundi mzee. Kumbe hakuniambia rangi ni mbaya. Aliniambia ina mahali pake. Penye kutazamwa tu, paka upendavyo. Penye kubeba uzito, acha chuma kikutane na chuma. Rangi niliyopaka juu ya kutu ya kawaida haikumdanganya mtu. Kila anayenunua gari kuukuu akiona rimu zinang'aa anajua zimepakwa. Lakini ufa hakuna ambaye angeubuni. Hapo rangi yangu iliacha kuwa pambo, ikawa neno la uongo. Ni ule uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wakristo tunasoma habari za makaburi yaliyopakwa chokaa. Ndugu zetu Waislamu nao husimulia jinsi Mtume alivyotia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta juu pakavu na chini pamelowa, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha unyevu chini. Nikatambua pia kasoro ya hoja ya Diogenes. Yeye alizungumza juu ya mnunuzi mwenye nafasi ya kukagua. Kijana aliyekuwa anakuja kwangu alitaka gari la kubebea abiria kati ya Bariadi na Lamadi, yale tunayoyaita michomoko. Mama atakayeketi kiti cha nyuma na mtoto mgongoni hakuwepo kwenye mapatano yetu. Yeye angekagua lini?

Kijana alikuja Jumamosi. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Alitazama magurudumu kwanza, kama jirani alivyotabiri, akatabasamu. Kwa simu tulikuwa tumekubaliana milioni sita na laki tano. Nikamwita upande wa tatu, nikamwonyesha kwa ndani, nikaukwangua ule ufa kwa ukucha.

Alinyamaza kitambo, akanishukuru. Kisha akauliza, "Na injini je, mwalimu? Na gia boksi?" Nikamjibu kwamba ni nzima, na hiyo ilikuwa kweli tupu. Lakini niliona usoni mwake kwamba kweli yangu ya kwanza ilikuwa imeinyang'anya nguvu kweli ya pili. Aliagana nami kwa heshima, akasema atapiga simu. Hakupiga. Baada ya wiki mbili nilimwona stendi na gari jingine, rimu zake ziking'aa kuliko zangu.

Msomaji wangu, ningependa kukuambia kwamba baadaye alirudi, au kwamba wema wangu ulilipwa maradufu. Haikuwa hivyo. Nililiuza gari baada ya miezi miwili, likiwa na rimu nyingine niliyonunua mtumba, kwa pungufu ya laki tisa. Ada ya kijana nililipa kwa kuuza ng'ombe wawili niliokuwa nimewaweka kwa ndugu yangu Itilima, na ndugu yangu hakufurahi. Nimesikia mara nyingi mimbarini kwamba ukweli unalipa. Labda unalipa, lakini mimi nilichokiona ni ukweli ukidai, na mimi nikilipa.

Mjukuu aliyaona yote hayo. Jioni moja akaniambia, "Babu, kumbe ukisema kweli wanakimbia."

Nimefundisha miaka thelathini na nne, na katika ujana wangu, kama wana TANU wote, niliahidi kusema kweli daima. Hata hivyo jibu sikuwa nalo tayari. Ningemwambia kwamba hawakimbii, ningekuwa ninapaka rangi juu ya ufa mwingine, mbaya kuliko ule wa kwanza, kwa sababu huyu naye atabeba watu siku moja. Nikamwambia, "Ndiyo, wengine hukimbia." Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchota maji. Sijui alichukua nini katika jibu lile.

Ile rimu ingali uani kwangu chini ya mwembe. Wamepita watu wawili wakiiulizia, maana kwa mbali inapendeza sana. Alipoondoka wa pili nilichukua msasa ule ule nikaondoa rangi yote kwenye ufa, mpaka chuma kikaonekana. Siwezi kukaa nyumbani kila siku kuwaeleza wapita njia, na sitaki mtu aje aiokote nikiwa sipo, akadhani ni nzima kwa sababu ya kazi ya mikono yangu.