Neno Juu ya Kuoza



Kila Jumatano ya Majivu kasisi hutupaka alama katika paji la uso na kutukumbusha ya kuwa sisi ni mavumbi. Twaitikia, twarudi nyumbani. Ni wachache wanaouliza mtu hugeukaje kuwa mavumbi, maana neno "kuoza" twaliona ni la aibu, la kutajwa jalalani tu. Mimi nimefundisha sayansi katika chuo cha ualimu miaka mingi, na leo naomba nilitaje katika gazeti la kanisa.

Jani likianguka halitoweki lenyewe, bali huliwa. Mchwa, jongoo na nyungunyungu hulikatakata, kisha kuvu na vijidudu visivyoonekana kwa macho humaliza kazi. Wote hao wanahitaji vitu vile vile tunavyohitaji sisi: maji, hewa, joto na chakula cha kufaa. Kimoja kikipungua, kazi huchelewa. Kule Yaeda Chini jua ni kali, lakini maji ni haba, hata bua likakauka na kukaa muda mrefu. Kainam mvua ipo, ila baridi ya mlimani huwafanya wafanyakazi hao kuwa wavivu. Kwa kawaida joto likipanda nyuzi 10 kasi yao huongezeka kama mara mbili, ingawa likizidi mno hufa.

Chakula nacho kina kanuni yake. Bua la mahindi lina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, kama sehemu 60 kwa 1, nao vijidudu wanataka kama 25 au 30 kwa 1. Mkulima akifukia mabua matupu, wananyang'anya naitrojeni iliyomo udongoni, na mahindi mapya huwa ya manjano. Akichanganya na samadi, wanashiba, na lundo kubwa lenye unyevu laweza kufikia nyuzi 60 katikati. Wazee wa Kiiraqw hawakusoma habari za naitrojeni, lakini tangu zamani pale Kainam walilaza ng'ombe nyumbani, wakapeleka samadi shambani, wakafukia nyasi na magugu ndani ya matuta. Miteremko ile imelisha vizazi vingi. Nasi leo mavuno yakiisha twawasha moto! Karibu kaboni yote na sehemu kubwa ya naitrojeni hupanda juu kama moshi, wala si moshi wa sadaka.

Sasa nije kwenye jambo zito, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikafunika nyumba za watu Katesh, Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walikufa. Mtu aliyefiwa kwa namna ile ana haki ya kuuliza: mwili ulioharibika topeni utafufukaje?

Tope zito lililojaa maji lina hewa kidogo, kwa hiyo mwili ulio ndani yake huoza polepole kuliko ulio juu ya ardhi. Kaburi lenye kina nalo ni vivyo hivyo, na jeneza la mbao ngumu huchelewesha zaidi. Hatimaye hubaki mifupa, nayo udongo wenye tindikali huila. Aliyezikwa kwa kwaya na matarumbeta na aliyefunikwa na tope hupita njia moja, huyu kwa haraka, yule taratibu. Kama ufufuo ungetegemea mwili kuhifadhika, hata babu zetu waliozikwa kwa heshima zote wasingekuwa na tumaini.

Wakorintho nao walikuwa na swali hilo, na Paulo akawajibu kwa mfano wa punje (1 Kor. 15). Bwana shamba atanipinga kwamba punje iliyooza haichipui. Ni kweli, kinachokwisha ni ganda na akiba ya chakula, uhai wake ndio unaoota. Lakini Mtume hakuwa akifundisha kilimo. Alikuwa akieleza kwamba kinachopandwa si kile kitakachotokea, na kwamba mwili mpya ni kipawa cha Mungu. Hakusema hata mara moja kwamba Mungu atahitaji kukusanya vipande vya ule wa kwanza.

Basi nawasihi, tuendapo kuwatembelea waliofiwa kule Hanang, tusiwaulize maiti ilipatikana katika hali gani.