TUSIJIKWEZE KATIKA KUTOA



Fungu letu ni Wafilipi 2:3-8. Mtume Paulo aliandika barua hii akiwa mfungwa. Angeweza kulilia taabu yake mwenyewe, lakini anawawaza Wafilipi: wasitende neno kwa majivuno, kila mtu amhesabu mwenzake kuwa bora, aangalie na faida ya wengine. Kisha anawaonyesha Yesu, aliyekuwa juu akashuka mpaka msalabani.

Sisi wa Katanga tunalo shahidi karibu. Papa Simon Kimbangu alikuwa amejificha, lakini mwezi wa 9 mwaka 1921 alirudi Nkamba mwenyewe, akajitoa bila kupigana. Tarehe 3 Oktoba alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa hapa Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, akakaa gerezani mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Hakutafuta faida yake.

Basi tujipime. Tunayo desturi nzuri ya nsinsani: akina papa, akina mama na vijana hushindana kutoa. Kwa njia hiyo kanisa letu limejenga mahekalu, mashule na nyumba za wagonjwa. Lakini Jumapili moja kundi letu lilishinda, tukapiga makofi, tukawacheka waliobaki nyuma. Mama mmoja mjane alikuwa kati yao. Jumapili iliyofuata hakuja. Tulipomtembelea alisema: «Ninaona haya kuja na mikono mitupu.»

Ndugu, siku ile tulimpa Mungu franka, tukamnyima mtoto wake. Tulimwomba mama yule msamaha, na leo tunaungama mbele yenu.

Nsinsani isiachwe; majivuno ndiyo yaachwe. Tumefundishwa mapendo, amri na kazi. Mapendo yatuulize: nani hayupo leo, na kwa nini? Amri izuie ulimi wetu usimcheke maskini. Kazi itupeleke shambani kwa mjane kabla ya kuhesabu matoleo.

Bwana wetu aliwaosha wanafunzi miguu (Yoane 13). Na sisi, tunapovua viatu mlangoni mwa hekalu, tuvue na kiburi, tukiache kule nje, wala tusikivae tena tunaporudi nyumbani.

Mungu atusaidie. Amina.