Tenda Wema, Nenda Zako

Msibani Pugu Kajiungeni, mshika daftari hukaa kwenye meza ndogo pembeni mwa turubai. Unatoa elfu tano, jina linaandikwa, kiasi kinaandikwa, na anayesubiri nyuma yako anaona vyote. Asiyefika hutuma kwa simu, kisha jina lake huongezwa kwenye orodha inayozunguka WhatsApp. Hapo hakuna anayemdhania mwenzake riya. Rambirambi ni deni la kuzungushana, leo kwako kesho kwangu, na daftari humlinda hata mshika fedha, maana hesabu za gizani ndizo huzaa maneno.

Kwa hiyo methali ya "tenda wema, nenda zako" sidhani kama inakataza wema wa hadharani. Ng'ombe aliyenunuliwa mnada wa Pugu kwa ajili ya Idi ya kuchinja utamfichaje, na mtaa mzima unamsikia akilia? Qurani, Sura ya Al-Baqara aya ya 271, inaikubali sadaka ya dhahiri, ila inasifu zaidi ya siri inayowafikia mafukara; aya ya 264 inaonya kuwa masimango huibatilisha. Mathayo sura ya 6 ni kali zaidi: inawakemea wanaojipigia tarumbeta.

Uzito wa methali uko kwenye kuondoka. Tatizo ni mtoaji anayeng'ang'ania kubaki: kashika ncha moja ya mfuko wa unga, bibi kashika ya pili, anaambiwa atazame kamera. Kesho mjukuu wake anataniwa shuleni. Mfiwa aliyeandikiwa rambirambi naye atakwenda kuandikisha zake siku nyingine, hadhi yake iko palepale. Bibi hana cha kurudisha, kwa hiyo tunamlipisha heshima yake. Unga wa namna hiyo upelekwe jioni, kwa mkono wa jirani.

Wanasiasa nao kuondoka hawajui. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa kuruhusu takrima, eti ukarimu wa jadi wa wagombea. Mahakama Kuu ikaitengua ruhusa hiyo mwaka 2006. Pilau ilikuwa imeliwa, na mwenye sufuria alikuwa bado mlangoni akingoja kura.

Wapo wanaosema picha huhamasisha wengine watoe, nami hoja hiyo siibezi. Basi lipigwe picha paa jipya la darasa, gharama zake zibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kila mtu azisome. Bibi aachwe asonge ugali wake.