Je, Mchoraji Aweza Kunawa Mikono?

Wako wazazi katika Bariadi, na katika wilaya nyingine za Mkoa wa Simiyu, wenye kijana nyumbani ambaye kazi yake hawawezi kuieleza kwa jirani. Msimu wa pamba haendi shambani, ofisi hana, wala hana bwana aliyemwajiri. Hushinda mbele ya kompyuta, na mwisho wa mwezi hutoa fedha ya sukari na karo ya wadogo zake. Ukimwuliza, atakujibu kwamba yeye hubuni sura za programu za simu. Maana yake, yeye ndiye aamuaye mtu afunguapo programu aone nini kwanza, kitufe kikae wapi na kiwe cha rangi gani, maneno yawe mengi au machache, na atakaye kurudi nyuma apitie njia ipi. Kazi hiyo huifanya kwa mapatano, kipande kwa kipande, kwa mteja wa Mwanza, au wa Dar es Salaam, au wa Ulaya, ambaye pengine hataonana naye uso kwa uso maisha yake yote.

Ni kazi halali, tena yahitaji akili na uvumilivu. Wanaosema, “Nichoree tu kidogo, si ni kubonyeza tu?” na kisha kuomba wafanyiwe bure, hawajui walisemalo, na twasikitika kwamba wengine wao ni wakubwa wa vyama vyetu wenyewe. Lakini leo hatuandiki ili kuisifu. Ndani ya kazi hii limo swali ambalo wazazi na vijana hawana budi kulifikiri: mtu aliyechora tu, kwa amri na kwa fedha ya mwingine, achukua sehemu gani ya dhuluma inayotendeka kwa mchoro wake?

Kwanza tuutaje wema wake, maana usipoonekana wema, ubaya nao hautafahamika. Mwaka 2005 yalianza majaribio ya M-Pesa huko Kenya. Ilikusudiwa kwamba watu waliokopa katika taasisi ya mikopo midogo walipe madeni yao kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie, wa kampuni ya Vodafone, waliosimamia kazi ile, wakaona kwamba watu wa majaribio waitumia kwa shabaha nyingine: wanatumiana fedha wao kwa wao. Hawakuwalazimisha warudi katika njia iliyochorwa, bali waliibadili njia yenyewe. Ilipotangazwa kwa watu wote wa Kenya mwaka 2007, na ilipoingia Tanzania mwaka 2008, shughuli yake kubwa ilikuwa kumtumia mtu fedha. Huo ndio ufundi wenyewe: kumtazama mtu kwanza, kisha kuchora. Tena siku hizi mtu akituma fedha, jina la mpokeaji humtokea kabla hajaweka namba ya siri. Ni mstari mmoja tu juu ya kioo, lakini ni akina mama wangapi wameponea hapo baada ya kukosea tarakimu moja!

Basi, yule ajuaye kidole cha mtu huenda wapi chenyewe, aweza pia kutega mtego mahali hapo hapo. Mwingereza mmoja, Harry Brignull, alianza mwaka 2010 kuikusanya mitego ya namna hii na kuipa majina. Hatuna haja ya kuyataja yote, mmoja watutosha. Tumfikirie bibi wa Itilima au wa Meatu, ambaye lugha ya nyumbani kwake ni Kisukuma, asomaye Kiswahili kwa taabu na Kiingereza asikisome kabisa. Apata shida ya dawa, na mjukuu amfungulia programu ya mikopo. Juu ya kioo pana kitufe kikubwa cha kijani cha kupata fedha sasa. Riba na makato yamo chini, kwa herufi ndogo za kijivu juu ya rangi nyeupe. Programu yaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu, na neno “Ruhusu” limewekwa pale pale ambapo katika ukurasa uliotangulia palikuwa na neno “Endelea”. Bibi abonyeza. Akichelewa kulipa, ujumbe wa kumwaibisha wapelekwa kwa shemeji yake, kwa mwalimu wa wajukuu, na kwa jirani anayemwuzia maziwa.

Hatusimulii ndoto. Mikopo ya namna hii watu wameiita kausha damu, na mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wala si maradhi ya nchi maskini tu. Mwezi wa Septemba 2025 kampuni ya Amazon, bila kukiri kosa, ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 katika shauri lililofunguliwa na serikali ya Marekani. Ilishtakiwa kwamba iliwaingiza watu katika uanachama wa kulipia pasipo ridhaa yao ya kweli, na kwamba njia ya kujitoa ilifanywa ndefu na ya kuchosha.

Mambo hayo hayakutokea kwa bahati. Alikaa mtu mahali fulani akaichagua ile kijivu.

Waalimu wa maadili katika Kanisa wamepambanua tangu zamani kati ya mtu ashirikiye kosa kwa kulitaka, na mtu ambaye kazi yake, iliyo njema yenyewe, imetumiwa vibaya na mwingine. Mhunzi auzaye panga hajui kama litakata kuni au litamwaga damu. Vivyo hivyo, kijana aliyechora ukurasa safi wa mkopo, wenye riba iliyoandikwa waziwazi, hana lawama ikiwa mwenye programu ataugeuza mwezi ujao. Lakini yule aliyeambiwa, “Fanya wasiyaone makato,” naye akafanya, si mhunzi tena. Hakutoa chombo ambacho mwingine amekitendea kosa. Mchoro wake ndio kosa lenyewe, kama vile karani anayeandika hati ya uongo. Uongo wasemwa kwa rangi na kwa ukubwa wa herufi sawasawa na kwa kinywa.

Hapa twapenda kukaa kidogo, maana ni rahisi aliyeshiba kumfundisha mwenye njaa. Kijana wetu amekwisha kupokea nusu ya malipo, nayo imekwisha kulipa kodi ya chumba. Akikataa, mteja ataacha neno baya juu yake mahali ambapo wateja wote husoma, na kazi zitakauka. Hana chama wala mkubwa wa kumtetea. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano ambayo mfanyakazi ameyakubali kwa kusukumwa na dhiki si lazima yawe ya haki kwa kuwa tu yamekubaliwa. Basi na sisi twasema kwamba dhambi kubwa ni ya yule aliyeagiza, tena akatumia dhiki ya kijana. Dhiki hupunguza hatia ya mchoraji. Hasara ya bibi haiipunguzi hata senti moja. Na neno lile, “Nisipochora mimi atachora mwingine,” laweza kuwa kweli, lakini lamhusu huyo mwingine.

Watu wa Usukuma walikwisha kulijua jambo hili kwa njia ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walinung’unika sana kwamba wapunjwa na wanunuzi penye kupima. Yule aliyeshika mizani mara nyingi naye alikuwa mtu wa mshahara, mwenye watoto. Wakulima hawakungoja kila mpimaji awe shujaa peke yake. Walijiunga, wakataka upimaji uangaliwe na watu wao wenyewe. Pamoja na Paul Bomani wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ikaandikishwa Victoria Federation, iliyokua hata ikawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika.

Wachoraji wa Bariadi, wa Maswa na wa Mwanza wangeweza kufanya jambo lililo dogo kuliko hilo. Wakutane, wapatane mambo ambayo hakuna hata mmoja wao atakayeyachora, na wayaandike katika mapatano kabla ya kupokea shilingi ya kwanza. Sheria nayo yawasaidia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yataka habari za mtu zikusanywe kwa kusudi halali lililo wazi, na ni rahisi zaidi kumjibu mteja, “Sheria ya nchi yangu hairuhusu,” kuliko kumjibu, “Moyo wangu hautaki.” Tena kabla ya kukabidhi kazi, kila mmoja ampe mama yake simu, anyamaze, atazame vidole vyake. Mama akibonyeza asilolikusudia, kazi haijakwisha.

Limebaki jambo la yule aliyegundua mtego katikati ya kazi, fedha ya mwanzo ikiwa imekwisha kutumika. Twaona kwamba malipo ya kurasa alizozichora kwa uaminifu ni haki yake, maana alizitolea jasho. Sehemu iliyolipiwa mtego na airudishe, hata kwa vipande vidogo vidogo, na amwandikie mteja sababu. Ikiwa hana cha kurudisha mwezi huu, deni hilo ni la kwake na la mteja. Aweza kulilipa kwa kazi nyingine iliyo safi, mteja akikubali. Lakini mtego asiuchore kwa sababu ya deni.