Lutu Alipochagua Bonde



Mwezi huu twataka kutafakari pamoja nanyi habari iliyoandikwa katika Mwanzo, mlango wa 13. Abramu na Lutu walikuwa na mifugo mingi hata nchi haikuwatosha, na wachungaji wao wakagombana. Abramu alikuwa ndugu wa baba yake Lutu, naye kwa desturi za wazee wetu angalichagua kwanza. Lakini alimwachia kijana nafasi hiyo. Lutu akatazama, akaliona bonde la Yordani jinsi lilivyo na maji tele, akalitwaa. Hatusomi kwamba aliuliza ni watu gani wakaao huko, wala hatusomi kwamba aliomba.

Swali lile limo leo katika nyumba nyingi za Wakristo wetu: tukae wapi? Tazameni mji wa Dar es Salaam, ulioanzishwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu huko watu 4,364,541; ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Yaani katika miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya milioni moja, wengine kwa kuzaliwa, wengine kwa kuja na mabegi yao kutoka kila pembe ya nchi. Na miongoni mwao wamo wana wetu wa Kilimanjaro, wa Upare, wa Usambara na wa Rungwe, tuliowafundisha katekisimu na kuwaweka mikono madhabahuni.

Wako wahubiri wapendao kusema kwamba mji ni makao ya Shetani na kijiji ni bustani ya Mungu. Sisi hatukubali neno hilo. Kijijini pia watu hurogana kwa maneno, hugombea mpaka wa shamba hata ndugu wa tumbo moja wasisalimiane, na ulevi wa mbege haukuanzia mjini. Tena tusiwahukumu vijana kwa wepesi. Kwa desturi ya Wachaga mwana wa kwanza na wa mwisho ndio waliopewa kihamba. Wa katikati walitafutiwa ardhi mpya. Zamani ardhi mpya ilikuwapo, leo imekwisha. Kihamba kilicholisha nyumba moja kwa ndizi, kahawa na ng'ombe wa ndani, kimegawanywa na kugawanywa tena, hata mjukuu hupewa kipande cha kujenga chumba na kuchimba kaburi. Kijana wa namna hii akiondoka, tusiseme amewadharau wazee. Ameondoka kama Abramu na Lutu walivyoachana, kwa kuwa nchi haikuwatosha.

Lakini macho huona upesi maji ya bonde, wala hayaoni gharika. Katika Dar es Salaam liko bonde la Msimbazi, na wengi walijenga humo kwa kuwa ni karibu na Kariakoo, na mtu asiye na nauli aweza kwenda kazini kwa miguu. Desemba 2011 mvua kubwa ilifurika humo. Watu walikufa, nyumba zikachukuliwa na maji, na waliosalia wakahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao. Hatusemi kwamba hii ilikuwa adhabu, Mungu apishe mbali! Maana Novemba 2009 katika milima ya Same udongo uliporomoka ukawafunika watu zaidi ya 20, nao walikuwa wakulima watulivu waliokaa kwao. Basi hakuna mahali duniani panapoitwa salama kwa sababu ya kimya chake.

Lutu mwenyewe alijifunza haya kwa uchungu. Someni mlango wa 19. Alipotolewa Sodoma aliogopa mlima, akaomba aruhusiwe kukimbilia Soari, kwa kuwa ni mji mdogo. Baadaye akauogopa na huo mdogo, akapanda mlimani, akakaa pangoni na binti zake wawili. Pahali pa kimya kuliko pango hapapatikani. Na mumo humo pangoni ndimo nyumba yake ilimopata aibu yake kuu. Mji ulikuwa umekwisha kuteketea, lakini yaliyokuwa moyoni walikuja nayo.

Abramu naye, alipoachana na Lutu, alikwenda Hebroni akamjengea Bwana madhabahu. Madhabahu ya Lutu hatuisomi popote. Hapo ndipo twaona njia zao zilipoachana, zaidi kuliko bondeni na mlimani. Maana Mungu hakuwakataza watu wake mji: aliwaagiza mateka wa Babeli, kwa mkono wa Yeremia, wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea heri mji ule wa wageni. Na Yona alipokasirika kwa ajili ya Ninawi, Mungu alimhesabia watu wake, zaidi ya 120,000, akawataja hata wanyama.

Kwa hiyo baba na mama wanaposhauriana juu ya kuhama, wasiulize mshahara peke yake, ingawa mshahara si kitu cha kudharau. Waulize: watoto watalelewa na nani tukitoka alfajiri na kurudi usiku? Nyanya aliyebaki peke yake mlimani atachotewa maji na nani? Mwaonaje mabasi ya Desemba yajazavyo barabara ya Moshi? Mzee hufurahi kuona wajukuu juma zima. Kisha Januari huja, na migomba haina mwenye kuikatia. Na yeye akaaye kijijini ajiulize kama amekaa kwa wito, au kwa kuogopa tu kuanza.

Neno moja zaidi kwa wanaojiandaa kuhama baada ya Krismasi. Wengi huaga jirani, huaga chama cha kahawa, wala hawamwagi mchungaji. Mjini hukaa miaka bila kuhesabiwa katika mtaa wowote wa kanisa, hata siku ya msiba hakuna awajuaye. Mwendeeni mzee wa kanisa wa mtaa wenu kabla ya safari, awape barua ya uhamisho, nanyi muipeleke katika usharika ulio karibu na makao yenu mapya Jumapili ya kwanza mfikapo.