Anayekuja Nyuma Yako

Somo: 1 Wakorintho 9:24–27

Sisi wahubiri tunalipenda mno somo hili. Likifika zamu yake, mimbari inageuka uwanja wa michezo: mwanafunzi wa kidato cha nne anaombewa awe wa kwanza, mfanyabiashara anaahidiwa kuwapita wenye maduka ya jirani, na kwaya inafunga kwa pambio la ushindi. Paulo anakumbusha kwamba wakimbiaji ni wengi na mshindi ni mmoja, nasi tunaishia hapo, kila mtu kanisani akiwa na hakika kwamba huyo mmoja ni yeye.

Wakorintho walizijua mbio. Karibu na mji wao, mahali paitwapo Isthmia, michezo mikubwa ilifanyika kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani yaliyonyauka mapema. Kwa hiyo Paulo hakuwa na haja ya kuwaeleza mbio ni nini. Sisi tunahitaji kuelezwa, na mimi nilielezwa na watu wa pikipiki.

Sizungumzii mbio za kwenye televisheni, ambamo mwendeshaji analipwa na kampuni na mafundi wamemzunguka. Nasema mashindano ya klabu, ya mwisho wa juma, ambamo fundi umeme, mwalimu na dereva wa lori wanalipa ada kutoka mifukoni mwao, wanalala ndani ya gari la mizigo karibu na uwanja, na Jumatatu asubuhi wako kazini, wengine wakichechemea. Uingereza jambo hili ni la siku nyingi. Klabu iitwayo British Motorcycle Racing Club ilianzishwa mwaka 1909, na miongoni mwa viwanja inakoendeshea mbio zake ni Brands Hatch, kule Kent, kusini mashariki mwa London. Njia yake fupi ina kilomita 1.9 hivi, na kona ya kwanza, Paddock Hill, inaporomoka ghafla upande wa kulia kiasi kwamba anayeiingia haoni vizuri atakapotokea. Waendeshaji hodari huumaliza mzunguko kabla dakika haijatimia.

Huko nilialikwa na mshirika wetu mmoja, fundi umeme, mtu mpole ambaye usingemdhania. Najua kuna atakayeniuliza: na ibada ya Jumapili je? Ni swali la haki, na sina jibu la kumridhisha kila mtu. Namkumbuka tu Padre Bill Shergold wa Kanisa la Anglikana, mwendesha pikipiki mwenyewe, ambaye mwaka 1962 aliwaalika vijana wa pikipiki, waliokuwa wakiogopwa na watu wengi wa London, waje na vyombo vyao hadi ndani ya kanisa huko Hackney Wick. Walikuja. Tuendelee.

Jumamosi asubuhi, kabla ya pikipiki yoyote kuingia njiani, kuna foleni ya ukaguzi. Pikipiki zimeshavuliwa taa, vioo vya pembeni na stendi. Mkaguzi anachuchumaa na tochi yake chini ya injini, anatafuta waya. Bolti ya kumwagia oili imetobolewa tundu dogo kichwani. Humo umepitishwa waya mwembamba wa chuma, ukasokotwa, ukafungwa mahali imara kwa upande unaoivuta bolti izidi kukaza, ili mtetemo usiilegeze. Kichujio cha oili kimefungwa vivyo hivyo. Mkaguzi anauvuta waya kwa kidole. Ukicheza, rudi ukafunge upya, na hakuna anayebishana naye.

Kisha anagonga kava la chini ya injini. Limeundwa kama beseni, na linatakiwa liweze kubeba angalau nusu ya oili na maji yote ya injini, ili injini ikipasuka vitu hivyo vibaki humo. Lina tundu ambalo huzibwa siku ya jua na kufunguliwa mvua ikinyesha. Rejeta nayo ni ya maji matupu. Ile dawa ya rangi tunayotia kwenye magari hairuhusiwi, kwa kuwa ikimwagika lami inateleza na kuisafisha ni kazi. Ncha za vishikio vya breki na klachi ni za mviringo, zisimchome mtu. Pale cheni inapoingia kwenye sproketi ya nyuma pamezibwa kwa kipande cha plastiki, vidole vya aliyeanguka visinaswe.

Nilidhani ukaguzi ule ungekuwa wa kumlinda mwenye pikipiki. Upo wa namna hiyo: helmeti inakaguliwa, suti ya ngozi inakaguliwa, na kila mmoja anavaa kibati chenye jina lake na tarehe ya kuzaliwa, kwa siku ambayo hataweza kujitaja mwenyewe. Lakini sehemu kubwa ya alivyovishika mkaguzi ilikuwa kwa ajili ya mtu mwingine. Bolti ikifunguka, huenda oili ikamwangusha aliyeimwaga, huenda yeye akapita salama. Wanaomfuata ndio hawana habari. Wanaingia kona wameinama hadi goti linagusa lami, na oili haionekani kwa mwendo ule.

Kanuni za njiani nazo zina roho hiyo hiyo. Anayetaka kumpita mwenzake ndiye mwenye jukumu la kupita salama. Mgeni wa mbio huvaa kizibao cha rangi ya chungwa ili wanaomfikia kwa nyuma wajue ni mwanafunzi. Ipo bendera nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa. Ikionyeshwa pamoja na namba yako, maana yake chombo chako kina hitilafu ya hatari, toka njiani mara moja. Mwenye kuonyeshwa bendera hiyo anaweza kuwa ndiye anayeongoza.

Jumapili mchana rafiki yangu alikuwa katikati ya kundi, hana dalili ya kikombe, lakini anagombania nafasi yake kana kwamba mkate wa watoto uko mbele. Mara akainua mkono wa kushoto, akaacha njia ya mbio, akateremka polepole kwenye nyasi. Hakuonyeshwa bendera yoyote. Alikuwa amehisi unyevu kwenye buti. Ilibaki mizunguko miwili tu, na mkewe, ambaye ndiye fundi wake, timu yake na mpishi wake, hakuficha hasira: ungemaliza! Tulipofungua tukakuta mpira wa rejeta umelegea. Yalikuwa maji, na machache. Mkewe akamtazama. Yeye akasema tu kwamba nyuma yake palikuwa na kizibao cha chungwa, akaenda kutafuta bisibisi.

Nilipoirudia sura ya tisa niliona nilichokuwa nikikiruka. Mbio za Paulo zimewekwa katikati ya mazungumzo mengine kabisa. Sura ya nane ni habari ya nyama iliyotolewa kwa sanamu. Wenye maarifa walijua sanamu si kitu, wakala bila wasiwasi. Paulo hakatai hoja yao, lakini anauliza: na yule ndugu dhaifu anayekuona umeketi mezani? Yeye yuko tayari kuacha nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza. Sura ya tisa anataja haki yake ya kutunzwa na kanisa, haki halali, ambayo hakuitumia. Hapo ndipo anapoingiza mbio na mwanariadha anayejizuia katika yote. Kisha sura ya kumi anataka kila mtu atafute linalomfaa mwenzake. Kujizuia anakokusema, basi, hakukuanzia kwenye hamu ya kumpita mtu. Kulianzia mezani, kwa ajili ya aliyekuwa anatazama.

Mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa anachota kidogo kwenye sanduku, na kabla ya mwisho wa mwezi amerudisha yote, hakuna senti iliyopotea. Yeye amepita salama. Lakini mweka hazina kijana aliona jinsi inavyofanyika. Baba anapokea simu sebuleni, anasema niko Ubungo kwenye foleni, na mtoto wa miaka sita amekaa pembeni yake anakula chungwa. Mzee wa kanisa anajua kipimo chake kwenye sherehe na hajawahi kulewa. Kwenye meza ya pili yupo aliyeacha pombe mwaka jana kwa machozi. Sisi wachungaji tusijitoe: mzaha tunaoutoa ofisini kuhusu mshirika aliyetoka kuungama unasikika hadi kwa mhudumu anayefagia korido, naye wiki ijayo alikuwa amepanga kuja.

Katika jumuiya za nyumba kwa nyumba wiki hii, msisome mistari minne ya mbio peke yake. Anzeni sura ya nane, mfululizo, hadi mwisho wa sura ya kumi. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo gaweni wasomaji watatu, na aliyesoma sura ya nane ndiye aanzishe mazungumzo.