Kwa Miguu Mpaka Aso



Katika Matendo ya Mitume, sura ya 20, imo habari ndogo ambayo wasomaji wengi huipita. Mtume Paulo yuko Troa. Mbele yake iko safari kubwa ya Yerusalemu, na siku chache baadaye atawaambia wazee wa Efeso kwamba hawatamwona tena. Merikebu i tayari. Lakini Paulo anawatanguliza wenzake baharini, naye anashika njia ya nchi kavu kwa miguu mpaka Aso, ndipo wanampakia huko. Luka haelezi sababu. Tena Paulo alikuwa na haraka, maana alitaka kuwahi Pentekoste Yerusalemu. Wengine husema alitaka kusali peke yake. Mimi naona pia mtu anayeiaga nchi kwa nyayo zake.

Neno hili latuhusu sisi. Kila mwaka wako wanaotuacha: mwalimu au muuguzi amepata barua ya uhamisho, kijana anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, mama mzee anachukuliwa na watoto wake. Zamani safari yenyewe ilikuwa kuaga. Mvua zilifunga njia, na watu walikingoja kivuko cha Rufiji. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mtu hupanda basi Masasi alfajiri, na siku hiyohiyo yuko mjini. Twamshukuru Mungu kwa daraja. Lakini mwili wafika upesi kuliko moyo.

Tena wanaohama wana ugonjwa wao: huanza kuidharau nchi kabla hawajaiacha. "Huku kwetu hakuna kitu," husema. Ndugu, kusema hivyo ni kumwambia Mungu kwamba miaka yote aliyokulisha hapa hakukupa kitu.

Basi tazama katika njia zako za kila siku. Unakwenda Newala kwa shughuli zako; nyuma yako milima ya mawe ya Masasi inabaki imesimama mmoja mmoja, na Kanisa Kuu liko pale chini ya Mtandi. Ikiwa mikorosho inatoa maua, harufu yake huingia dirishani pamoja na vumbi. Ukimaliza shughuli, usikimbilie basi. Nenda Shimo la Mungu. Sisi wenyeji twawaachia wageni mahali pale, sijui kwa nini. Nchi inakatika ghafla miguuni pako, bonde la Ruvuma liko chini, na ng'ambo ni Msumbiji. Kisha vitazame vijia vya mteremkoni. Mchanga wa nchi yetu ya juu hunywa mvua yote, na kabla ya maji ya bomba bibi zetu waliteremka bondeni kutafuta maji, wakapanda tena na mtungi kichwani. Anayeusifu uzuri wa pale bila kuwakumbuka wale mabibi ameona nusu tu.

Wako waliohama bila nafasi ya kutazama nyuma. Mwaka 1876 Askofu Steere aliwaleta kutoka Zanzibar watu waliokombolewa utumwani, wakajenga Masasi. Mwaka 1882 Wamagwangwara wakaishambulia, wakachukua mateka, na kazi ya Misheni ikahamia Newala, kwa Matola. Na wazee wanaokumbuka kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970 wanajua maana ya kuacha miembe na makaburi kwa siku moja. Wewe uliyepewa mwezi mzima wa kujitayarisha, usiumalize wote katika kufunga masanduku na kuuza vitanda.

Anayehama asiondoke kama mdaiwa. Amwone Padre wa mtaa, aandikiwe barua ya kumtambulisha kwa Wakristo wa huko aendako, na Jumapili yake ya mwisho aje Misa mapema ili tumwombee. Na siku moja kabla ya kufunga mizigo, aiache pikipiki nyumbani, aende shambani kwa miguu pamoja na watoto wake, awatajie majina ya miti, na ya vilima, na ya majirani ambao mashamba yao wanapita.